Pima maji kwanza, dawa baadaye: mazungumzo na wafugaji wa samaki wa nyumbani

Habari zenu jamani, waliokaa nyuma naomba msogee mbele kidogo maana kuna kitu nitapima hapa mezani baadaye na nataka kila mtu aone rangi kwa macho yake. Nawashukuru kwa kuja. Leo sitaongelea aina za samaki wala mapambo wala taa, naongelea maji tu, kwa sababu swali ninaloulizwa kuliko yote ni "samaki wangu wanakufa, niwape dawa gani" na mimi kila mara namrudishia mtu swali lake, amonia yako inasoma ngapi? Kimya. Nitriti je? Kimya. KH? Hiyo ndo wengi hata hawajawahi kuisikia. Sa unakuta mtu kaweka dawa ya bakteria, dawa ya fangasi na dawa ya minyoo, zote tangi moja, wiki moja, na maji yenyewe hajayapima hata mara moja, na kusema kweli inaniuma, kwa sababu samaki hana pa kukimbilia, anapumua humo, anakula humo, anajisaidia humo humo.

Halafu kuna hili la "mbona maji yangu yanang'aa kabisa", naomba tuliondoe kichwani leo. Amonia haina rangi, nitriti haina rangi, klorini kwenye maji ya bomba huioni. Maji yanaweza kung'aa ukasoma gazeti upande wa pili na bado yakawa yanaunguza matamvua ya samaki dakika hii hii. Macho hayapimi kemia, kinachopima ni zile chupa ndogo za matone na kale kachupa kembamba ka kioo, basi.

Tuanzie kwenye chakula maana ndo mlango mkubwa. Chakula cha samaki ni protini nyingi, na protini karibu asilimia 16 yake ni naitrojeni. Chukua chakula chenye protini asilimia 40, gramu moja tu, ndani yake una naitrojeni kama miligramu 64. Samaki anabakisha kidogo mwilini anakua, inayobaki anaitoa kama amonia, na sehemu kubwa inatoka kwenye matamvua wala sio kwenye kinyesi, yaani hata ukikaa na mpira wako unanyonya uchafu wote chini kila siku bado amonia inaingia majini kila anapopumua. Ikishapita kwa bakteria mpaka mwisho wa safari inakuwa nitrati, na ile gramu moja ikiishia yote huko ni nitrati miligramu 280 hivi, kwenye tangi la lita 100 ni karibu miligramu 3 kwa lita. Gramu moja jamani. Kwa hiyo mtu anayemimina kwa sababu "wanakuja juu wananiangalia wana njaa" anatakiwa ajue anamimina nini. Samaki anakuja juu kwa sababu amejifunza kwamba ukisimama hapo chakula kinashuka, atakuja hata kama ameshiba.

Sasa amonia yenyewe iko katika hali mbili, na hapa nisikilizeni vizuri kwa sababu mbele huko tutairudia na ndipo watu wanapopoteza tangi zima. Kuna amonia yenyewe, hii ndo sumu kali, inapenya matamvua moja kwa moja, na kuna amoniamu ambayo imebeba chaji, hii kwa samaki haina ukali ule hata kidogo. Mbili hizi zinageukiana muda wote, na anayeamua ipi iwe nyingi ni pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, namba ikiwa chini asidi ni nyingi, pamoja na joto. Maji yakiwa nyuzi 25, kwenye pH 7 ile yenye sumu ni chini ya asilimia 1 ya jumla, kwenye pH 8 inafika kama asilimia 5, kwenye pH 9 inapita theluthi nzima. Na vipimo vyetu vya nyumbani vinasoma jumla ya zote mbili. Kwa hiyo watu wawili wanaweza wote wakasoma miligramu 1 kwa lita kwenye chupa, mmoja pH yake 6.8 samaki wanaogelea tu, mwingine pH yake 8.4 samaki wako juu wanatweta, na rangi ya kwenye kachupa ni ile ile. Ndo maana nasema usinipe amonia peke yake, nipe na pH, na joto pia.

Anayetuokoa hapo ni bakteria. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanasayansi Sergei Winogradsky ndo alionyesha kwamba kuna vijidudu vinaishi kwa kuunguza amonia na nitriti, hiyo ndo kazi yao na chakula chao. Kundi moja linachukua amonia linatoa nitriti, kundi lingine linachukua nitriti linatoa nitrati. Kwa miaka mingi tuliamini lazima yawe makundi mawili mpaka mwaka 2015 watafiti wakatangaza aina za bakteria wa kundi la Nitrospira zinazofanya safari yote peke yake kuanzia amonia mpaka nitrati, na baadhi walipatikana kwenye filta ya mfumo wa kufugia samaki, yaani kwenye mambo yetu haya haya, mi habari ile ilinifurahisha sana. Lakini nyumbani kwako cha kushika ni wanakokaa. Hawaelei majini kwa wingi, wanashika kwenye nyuso za vitu, sponji, mawe, changarawe, majani, na zaidi ya yote ndani ya filta kwa sababu huko maji yanapita muda wote yanawaletea oksijeni na amonia. Wanakula oksijeni nyingi sana, kila gramu moja ya naitrojeni ya amonia inataka oksijeni gramu 4 na nusu hivi. Ndo maana mtu anayezima filta usiku kwa sababu ya kelele anawakaba pumzi, halafu asubuhi akiwasha maji yaliyooza mle ndani yanasukumwa kwa samaki.

Na kuosha filta. Nikiona mtu amepeleka sponji bombani ameiminya mpaka imekuwa nyeupe nataka kupiga kelele. Maji ya bomba yana klorini na klorini imewekwa pale makusudi iue bakteria, umewaua. Wiki inayofuata amonia inapanda, samaki wanaugua, mtu anakwambia "nilifanya usafi mkubwa juzi tu sielewi". Sponji inaoshwa kwenye ndoo yenye maji uliyoyatoa kwenye tangi lenyewe, unaiminya mara chache maji yapite, inatoka bado ya kahawia, unairudisha hivo hivo. Kama filta ina sponji mbili osha moja leo nyingine baada ya wiki kadhaa.

Tangi jipya halina bakteria hawa wa kutosha, na hawana haraka, mara nyingi ni wiki 4 mpaka 6 mpaka mambo yakae sawa, wakati mwingine zaidi. Njia ninayoipendekeza ni kuwakuza bila samaki. Unaweka amonia safi isiyo na sabuni wala manukato mpaka usome kama miligramu 2 kwa lita, unasubiri, amonia inaanza kushuka, nitriti inapanda, halafu nitriti nayo inashuka, na siku ambayo ukiweka 2 baada ya masaa 24 unakuta amonia sifuri na nitriti sifuri, hapo ndo samaki anaingia. Ukipata kipande cha sponji chafu kutoka kwenye filta ya mtu ambaye tangi lake limekomaa na samaki wake ni wazima, umepunguza muda sana. Najua kusubiri ni kugumu hasa kama kuna watoto nyumbani wanaangalia tangi tupu kila siku, lakini waonyesheni vipimo, waacheni wadondoshe matone wenyewe wachore mistari kwenye karatasi, watoto wanapenda kuona rangi ikibadilika na wataelewa haraka kuliko nyie.

Nitriti niipitie haraka. Inaingia kwenye damu kupitia matamvua, inaharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni, damu inageuka kahawia. Samaki anakuja juu kutweta wakati pampu ya hewa inafanya kazi vizuri na oksijeni imejaa majini, mtu anaongeza pampu ya pili na haisaidii. Msaada wa dharura hapo ni kubadilisha maji pamoja na chumvi ya kawaida, chumvi tupu, kwa sababu kloraidi inagombania mlango ule ule na nitriti kwenye matamvua. Haihitaji nyingi, gramu 1 kwa lita 10 inatosha kwa hali nyingi za nyumbani. Haiiondoi nitriti, inamkinga samaki wakati bakteria wanaongezeka.

Nitrati ndo mwisho wa safari, sumu yake ni ndogo zaidi lakini inajilundika, na mi napenda ikae chini ya miligramu 40 kwa lita, kwa samaki dhaifu na uduvi chini ya 20. Inatoka kwa mimea kuila au kwa wewe kubadilisha maji. Watu wengi hawajawahi kukaa chini wakapiga hesabu ya kubadilisha maji, ngoja tuipige hapa. Tuseme tangi lako linazalisha nitrati 10 kwa wiki na maji yako ya bomba hayana nitrati. Ukibadilisha asilimia 10 kila wiki, nitrati itapanda taratibu, miezi inapita, mpaka itulie kwenye 100 kabla ya kubadilisha. Ukibadilisha robo inatulia kwenye 40. Ukibadilisha nusu inatulia kwenye 20. Unagawanya tu, kinachozalishwa kwa sehemu unayobadilisha. Kwa hiyo mtu akisema "mi nabadilisha maji kila wiki bila kukosa" bado hajaniambia kitu mpaka aseme kiasi gani. Na kujaza maji yaliyokauka sio kubadilisha maji, kinachokauka ni maji matupu, chumvi na nitrati na madini vinabaki vyote humo na wewe unaongeza mengine juu yake.

Haya. Sasa tufike kwenye pH maana hii ndo imewatesa watu, na ndo nilikuja kuisemea.

Kipimo cha pH kilibuniwa na mkemia wa Denmark, Sørensen, mwaka 1909, na kila namba moja ni mara kumi. Kutoka 7 kwenda 6 asidi imeongezeka mara kumi, kwenda 5 ni mara mia. Kwa hiyo mtu anaposoma mahali kwamba tetra wanataka 6.5, akapima kwake akakuta 7.6, akakimbilia chupa ya kushusha pH, akamwaga, ikashuka jioni, asubuhi imerudi 7.5, akamwaga tena, huyu anawarusha samaki juu chini kila siku na anadhani anawatendea wema. Samaki wengi wanaouzwa leo wamezaliwa mikononi mwa wafugaji kwenye maji ya kawaida, wanavumilia pH ambayo sio ile ya vitabuni kama imetulia, ila hawavumilii kuyumbishwa. Na sababu ya pH kurudi ilikotoka, au siku nyingine kuanguka ghafla, haiko kwenye pH yenyewe. Iko kwenye KH.

KH ni ugumu wa kaboneti, yaani kiasi cha bikaboneti kilichomo majini kinachomeza asidi. Mimi naiita akiba. Asidi ikiingia, akiba inatumika kuimeza na pH haisogei sana. Akiba ikiisha, asidi ndogo tu inaiangusha pH. Digrii moja ya KH ni kama miligramu 18 kwa lita zikihesabiwa kama kalsiamu kaboneti.

Sogeeni sasa. Hapa nina kachupa ka mililita 5, ndani ni maji kutoka kwenye tangi ambalo limekaa zaidi ya mwaka, mmiliki yuko hapa na ameruhusu. Maji meupe kabisa, mnaona. Nadondosha tone la kwanza la kipimo cha KH, nafunika, nageuza juu chini mara kadhaa. Yamekuwa bluu hafifu. Kipimo hiki kila tone ni digrii moja, na ukifika mwisho bluu inageuka njano. Tone la pili... nageuza... angalieni, njano. Tayari. Yaani tangi hili lina KH 2 au chini yake. Na huku nina maji ya bomba ya nyumba hiyo hiyo, moja, bluu, mbili, bluu, tatu, bluu imekolea, nne, bado bluu, tano, sita, hapo, njano. Bombani inatoka 6, kwenye tangi imebaki 2. Digrii nne zimekwenda wapi?

Wamezila bakteria. Wale wale rafiki zetu wakigeuza amonia kuwa nitrati wanatoa asidi, na asidi inakula akiba. Kwa kila miligramu moja ya naitrojeni ya amonia wanayoigeuza inaondoka KH yenye thamani ya miligramu 7 za kalsiamu kaboneti. Ukiigeuza hesabu hiyo kwa vipimo vyetu vya nyumbani inakuja hivi, kila nitrati inapoongezeka 50, KH imeshuka kama digrii 4 na nusu. Kariri hiyo. Kama bomba lako linatoa KH 3 basi kabla nitrati haijafika 35 akiba yote imekwisha, na kwenye vitabu 35 inaonekana nitrati ya kawaida tu, mtu anaridhika nayo.

Akiba ikiisha kinatokea nini? Naomba tulifuate hili hatua kwa hatua maana ndo ile amonia niliyosema tutairudia. pH inaanguka, 6.5, 6.2, chini ya 6. Bakteria wetu kuanzia chini ya 6.5 wanapunguza kasi, karibu na 6 wengi wao ni kama wamesimama. Amonia haigeuzwi tena, inalundikana, 2, 4, 6, lakini kwa sababu pH iko chini karibu yote iko kwenye ile hali ya amoniamu, haimchomi samaki. Samaki wanaonekana wamepoa tu kidogo, hawachangamki, hawali vizuri. Wiki zinapita. Halafu mwenye tangi anaona aibu, anasema nimelisahau hili tangi wacha leo nilifanyie usafi wa maana, anabadilisha nusu nzima kwa maji ya bomba yenye pH 8. pH ya tangi inaruka ndani ya dakika kumi. Ile amoniamu iliyolundikana, sehemu yake inageuka amonia ya sumu papo hapo, na jioni samaki wako juu, kesho yake wamekufa nusu. Na mtu huyo atawaambia wenzake miaka yote kwamba maji mapya ni mabaya, samaki wamezoea maji yao ya zamani, usibadilishe. Nimesikia hiyo mara nyingi mno na kila nikisikia naona samaki wengine watakaokufa kwa ushauri huo.

Kwa hiyo ukirithi au ukinunua tangi la zamani lililosahaulika, usianze na ndoo. Anza na vipimo vinne, amonia, nitrati, pH, KH. Ukikuta pH iko chini sana na amonia iko juu, badilisha asilimia 10 tu, kesho tena 10, keshokutwa tena, tumia dawa ya maji ile ambayo inafunga na amonia sio klorini peke yake, punguza chakula karibu na sifuri kwa siku hizo, samaki mzima mkubwa hafi njaa kwa siku chache. pH ipande polepole na amonia ipungue kwa pamoja.

Na kama bomba lako lenyewe linatoa KH ndogo, mi ningependa ikae angalau 3 mpaka 4 kwa tangi la kawaida, unaweza kuiongeza kwa bekingi soda. Bekingi soda tupu, sio bekingi pauda, ile ina vitu vingine. Gramu 6 kwenye lita 50 zinapandisha KH kama digrii 4. Usiweke zote kwa siku moja, igawe, iyeyushe kwanza kwenye maji ya pembeni. Na hesabu lita za kweli, tangi la sentimita 80 kwa 35 kwa 40 ni lita 112 kwenye karatasi ila ukitoa mawe na changarawe na ile nafasi ya juu unaweza kuwa na lita 90 na kitu, dawa zote zinahesabiwa kwa maji yaliyomo. Njia nyingine ya taratibu zaidi ni mfuko wa matumbawe yaliyosagwa ndani ya filta, yanayeyuka kidogo kidogo kadiri maji yanavyopata asidi, mimi hii naipenda kuliko soda kwa mtu ambaye hapendi kupima pima.

Kinyume chake pia kipo, mtu ana KH 15 anataka samaki wa diskasi wazae, hapo chupa za asidi hazisaidii, njia ya uhakika ni kuchanganya na maji ya mvua safi au yaliyopita kwenye mashine ya RO, ile inayochuja madini. Lakini ukweli wangu ni huu, ni rahisi zaidi kuchagua samaki wa maji uliyonayo. Bomba lako ni gumu na pH 8, kuna siklidi wa Ziwa Tanganyika ambao kwao pH ni karibu 9, kuna gapi, hawa watafurahi bila wewe kuhangaika. Maji yako ni laini, kuna tetra, huko Rio Negro kuna maji meusi yenye pH 4 na 5. Kuwaweka wote tangi moja ukatafuta pH ya katikati ni kumnyima kila mmoja.

GH nayo, ugumu wa jumla, kalsiamu na magnesiamu, nisiikalie sana, kwa samaki ni afya ya mwili kwa ujumla, kwa konokono na uduvi ni gamba. Konokono gamba likianza kuwa na mashimo meupe angalia GH na pH kabla hujalaumu samaki kumng'ata.

Klorini. Ukiacha maji kwenye ndoo wazi masaa 24 yenye pampu ya hewa klorini inaondoka, hiyo ni kweli na wazee wetu wa kazi hii walifanya hivyo. Ila sehemu nyingi siku hizi wanatumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, na hiyo haiondoki kwa kukaa siku moja, na ukiivunja kwa dawa ya kuondoa klorini inaachia amonia. Uliza mamlaka yako ya maji wanatumia ipi, ni simu moja tu. Na maji yakishakaa usiku kucha ndo uyapime pH, kwa sababu yakitoka tu bombani yanaweza kuwa na kaboni dayoksaidi iliyobanwa, unasoma 7, kesho yake ni 7.8 na unadhani kipimo kimeharibika. Hivo hivo tangi lenye mimea mingi pH inapanda mchana na kushuka usiku, kwa hiyo pima saa ile ile kila mara.

Kuhusu mfuko wa samaki mpya, hapa pia ni ile kemia yetu. Samaki kakaa masaa kadhaa kwenye mfuko, amepumua, kaboni dayoksaidi imeshusha pH, amonia imelundikana lakini iko kwenye hali salama. Ukifungua mfuko kaboni dayoksaidi inatoka, pH inaanza kupanda, na amonia inakuwa sumu akiwa bado mle ndani. Kwa hiyo safari ikiwa ndefu usifungue mfuko halafu ukaacha unaelea wazi saa nzima. Uache uelee ukiwa umefungwa, joto lilingane, dakika 15 hadi 20, halafu fungua, ongeza maji ya tangi kidogo mara mbili tatu bila kuchelewa, mtoe kwa wavu, na maji ya mfuko yamwage nje, yasiingie kwenye tangi.

Joto kidogo na namalizia. Maji ya nyuzi 25 yanashika oksijeni kama miligramu 8 kwa lita, kwa nyuzi 30 ni 7 na nusu hivi, wakati huo samaki anahitaji zaidi kwa sababu mwili unaenda kasi, na amonia yenye sumu nayo inaongezeka. Siku za joto kali punguza chakula, ongeza mawimbi juu ya maji, pima amonia hata kama sio siku yake.

Ukipima andika, tarehe, amonia, nitriti, nitrati, pH, KH, joto, kwenye daftari au kwenye simu. Ile chupa ya pili ya kipimo cha nitrati itikise kwa nguvu kabla hujadondosha maana unga wake unatuama chini na usipotikisa utasoma karibu sifuri kila siku. Soma rangi kwenye mwanga wa mchana, kachupa kakiwa kameegemea karatasi nyeupe. Vile vijikaratasi vya kuchovya ni vya kuangalia haraka tu, kama kuna samaki anaumwa tumia matone.

Maswali nitachukua huku tukifanya kazi, naona wengi mmekuja na maji kwenye chupa. Pangeni hapa kushoto, andikeni jina na joto la tangi kwenye kifuniko, aliye na samaki wanaotweta sasa hivi nyumbani aje wa kwanza.